Neva ya Jicho na Vijana wa Dar es Salaam

Kuanzia mwaka 1988, madaktari wa macho Dar es Salaam walianza kupokea wagonjwa wa aina ngeni. Hawakuwa wazee wenye mtoto wa jicho, wala macho yao hayakuwa mekundu. Wengi walikuwa vijana, na uoni wa katikati ulikuwa umewapotea katika macho yote mawili. Mwanafunzi wa namna hiyo huona kingo za ubao na ukuta wa darasa, lakini neno lenyewe analolikodolea macho limefunikwa na ukungu. Rangi nazo hufifia. Miwani haimsaidii kitu, kwa kuwa kilichoharibika ni neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Baadhi walikutwa na hitilafu katika neva za miguu pia.

Mwaka 1997 Gordon Plant wa London na wenzake, akiwemo A. T. Mtanda, waliueleza ugonjwa huo kitaalamu. Mwaka uliofuata habari zake zikatoka katika jarida la New England Journal of Medicine, chanzo kikiwa bado kitendawili.

Kuba nako, kati ya 1991 na 1993, watu zaidi ya 50,000 walipatwa na maradhi yanayofanana na haya, wakati chakula kilipoadimika baada ya msaada wa Kisovieti kukatika. Serikali iligawa vitamini nchi nzima, na wagonjwa wapya wakapungua sana. Dar es Salaam ugonjwa haukuondoka. Mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi miongoni mwa vijana wa jiji hili, na mwaka 2011 kundi lililomjumuisha Richard Bowman, aliyefanya kazi katika hospitali ya CCBRT kule Msasani, pamoja na Milka Mafwiri wa Muhimbili, likatoa jibu la kwanza lenye uzito: wagonjwa walikuwa na upungufu wa folati, vitamini ya kundi B, mwilini, na moshi wa kupikia ndani ya nyumba ulihusiana na ugonjwa.

Matokeo hayo yanagusa maisha ya Mbagala, Tandika na Tandale moja kwa moja. Folati imo katika mchicha, matembele na maharage, lakini mboga ikichemshwa sana na maji yake kumwagwa, sehemu kubwa hupotea. Na katika nyumba ya kupanga vyumba, mvua za masika zikianza, jiko la mkaa huingizwa ndani. Kuhusiana si kusababisha, na watafiti walilijua hilo. Mwaka 2013 watafiti wengine walipiga picha za tabaka za retina, utando wa nyuma ya jicho, wakaonyesha uharibifu wa nyuzi za neva zinazohudumia uoni wa katikati.

Ukitazama miaka hiyo unaona mapengo marefu kati ya utafiti mmoja na mwingine. Trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, huko Kongwa mkoani Dodoma ilipata watafiti na fedha kwa miongo kadhaa, kwa sababu nchi nyingi zinaugua trakoma. Ugonjwa wa jiji moja hauna washirika wengi wa kuugharamia. Naona ni haki bajeti yetu wenyewe ya utafiti iutangulize. Kinachohitajika kinajulikana: kuwapima damu wanafunzi wa Temeke na Kinondoni kabla hawajaugua, kuwafuatilia kwa miaka, na kuwapa folati kwa majaribio wale ambao uoni umeanza tu kupungua.