Malkia Eleni wa Ethiopia: Mke wa Mfalme na Ulezi wa Dini

Historia ya dini katika Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya wanaume: wafanyabiashara wa misafara waliouleta Uislamu katika karne ya 19, na baadaye mapadre wa Kikatoliki. Wanawake waliolea ibada hutajwa kwa nadra. Upungufu huo hauko Maniema peke yake, na kisa cha Eleni wa Ethiopia chaonyesha thamani ya kile kinachoachwa.

Eleni alikuwa binti wa mtawala Mwislamu wa Hadiya, nchi iliyotoa kodi kwa wafalme Wakristo wa Ethiopia. Aliolewa na Zara Yaqob, aliyetawala kuanzia 1434 hadi 1468, akawa Mkristo na kupewa cheo cha malkia wa mkono wa kuume. Mgeni katika jumba hilo, tena asiye na mwana wa kurithi kiti, hakuwa na ukoo wa kumkinga baada ya kifo cha mumewe. Kinga yake ikawa elimu ya dini na sadaka.

Huko Gojjam alijenga kanisa la Martula Maryam. Aidha, Damião de Góis, Mreno aliyechapisha kitabu juu ya imani ya Wahabeshi mwaka 1540, alimtaja kuwa mtunzi wa vitabu viwili vya dini. Baeda Maryam, mwanawe wa kambo, alipotawala alimheshimu kama mama mzazi. Lebna Dengel aliporithi kiti mwaka 1508 akiwa mtoto, Eleni ndiye aliyeongoza nchi. Alimtuma Mateus kwa mfalme wa Ureno akiwa na kipande cha mti ulioaminiwa kuwa wa Msalaba wa Yesu. Mjumbe huyo alifika Lisbon mwaka 1514.

Yadhaniwa pengine kwamba ufadhili wa namna hii ni pambo la ufalme tu. Sivyo. Kwa Eleni, kujenga na kutunga kulimgeuza binti aliyetolewa kwa ajili ya suluhu akawa mwenyeji na mshauri wa wafalme.

Kanisa lake liliharibiwa katika vita vya karne ya 16, lakini jina la mjenzi lilibaki kwa kuwa liliandikwa. Kwa Maniema, basi, mchunguzi hana budi kuuliza si nani aliyehubiri tu, bali pia nani aliyetoa, aliyefundisha na aliyetunza.