WordStar: programu ya kuandikia kwenye tarakilishi kongwe

Ukiwa na tarakilishi ya 386 yenye RAM ya megabaiti 4 na unataka kuandika barua tu, achana na Windows. Mimi nakushauri WordStar.

Iliandikwa na Rob Barnaby, na kampuni ya Seymour Rubinstein, MicroPro, ikaanza kuiuza mwaka 1978. Kibodi nyingi za wakati huo hazikuwa na vitufe vya mishale. Barnaby akatumia Ctrl pamoja na E, S, D na X. Hebu tazama kibodi yako: E iko juu, S kushoto, D kulia, X chini. Vidole havihami! Sijaona menyu iliyoshinda hilo.

Utaipata wapi? Mwaka 2024 mwandishi wa Kanada, Robert J. Sawyer, aliweka kwenye intaneti WordStar 7.0 ya DOS, toleo la 1992, pamoja na vitabu vya maelezo yake.

Lakini kama una disketi zenye barua za zamani, jihadhari. Matoleo ya mwanzo yaliwasha biti ya nane kwenye herufi ya mwisho ya maneno. "a", ambayo ni 97, inakuwa 225, na programu za leo zinakuonyesha takataka. Usifute faili hizo ukidhani zimeharibika. Andika programu fupi inayotoa 128 kwenye kila baiti inayozidi 127. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, kwa hiyo hakuna neno litakalopotea.