Leseni ya redio ni ya nini hasa?

1/ Mjadala wa vyombo vya habari ukipamba moto, lazima mtu aseme: "Masafa ni ya serikali, kwa hivyo serikali inaweza kuzima." Wasee, hapo kuna mambo mawili tofauti. Turudi nyuma kidogo.

2/ Matangazo ya redio yalianza Nairobi 1928. Sasa, AM ina tabia yake. Mchana, tabaka la chini la ionosfia humeza mawimbi. Jua likizama, tabaka hilo hufifia, mawimbi yanadunda juu zaidi na kurudi chini mamia ya kilomita mbali. Ndiyo maana ukizungusha kitufe usiku unanasa nchi nyingine.

3/ Shida ni kwamba vituo viwili kwenye masafa yale yale vinagongana, husikii kitu. Mwaka huohuo 1928, Marekani ilitenga chaneli 40, kila moja kituo kimoja tu usiku. Afrika, Ulaya na Asia ziligawana masafa kwa mkataba wa Geneva wa 1975.

4/ Kwa hivyo sababu ya msingi ya kugawa masafa ni moja: kuzuia mgongano.

5/ Ila Kenya ilikaa miaka mingi na mtangazaji mmoja, wa serikali. Ndiyo maana 1 Agosti 1982 wanajeshi waasi waliteka studio za Sauti ya Kenya hapo mjini. Maikrofoni moja, nchi nzima inasikia. FM ya kwanza ya binafsi ilikuja 1996.

6/ Katiba ya 2010, Kifungu 34, inasema leseni ziwe zile tu zinazohitajika kusimamia mawimbi, na zisidhibitiwe na serikali, siasa wala biashara.

7/ 30 Januari 2018, vituo vikubwa vya TV vilizimwa kwa sababu ya tukio la kisiasa. Masafa hayakuwa yamegongana. Mahakama Kuu ikaagiza virudishwe, bado vikakaa gizani siku kadhaa.

8/ "Na uchochezi je?" Swali la haki. Rwanda 1994 ilionyesha redio inaweza kuua. Lakini uchochezi una Kifungu 33, una ushahidi, una hakimu. Mgawaji masafa pale Waiyaki Way ni kama trafiki: anazuia magari yasigongane, haulizi abiria wanaongea nini.

9/ Siku nyingine mtu akitetea kuzimwa kwa kituo, muulize: ni mgongano gani uliozuiwa?