Kompyuta kwa Anayeanza: Funzo kutoka Dzaleka

Walimu wengi wanaomfundisha kompyuta mtu asiyewahi kuigusa huanzia kwenye kipanya na kibodi. Historia ya Dzaleka, nchini Malawi, inatuonyesha kwamba kizingiti cha kwanza ni lugha.

Dzaleka ipo wilayani Dowa, zaidi kidogo ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Wakati wa utawala wa Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakageuzwa kambi ya wakimbizi. Wengi wa wakazi wake wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Nje ya kambi, hadi Lilongwe, zinatawala Chichewa na Kiingereza.

Mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha kambini masomo ya elimu ya juu kwa njia ya intaneti, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, masomo yalitolewa kwa Kiingereza. Aliyesoma kwa Kifaransa huko Bukavu alilazimika kujifunza mambo mawili kwa mpigo: mashine yenyewe, na lugha ya masomo.

Je, Kiswahili hakikuwa na nyenzo? Kilikuwa nazo. Desemba 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikwisha toa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na kufanyia hesabu yenye menyu za Kiswahili. Lakini menyu iliyotafsiriwa si somo. Anayeanza anahitaji hatua kwa mpangilio: kuwasha, kuandika, kuhifadhi, kufungua tena, kuzima. Aidha, istilahi zetu hazijaafikiana: Mkenya husoma "tarakilishi" shuleni, Mtanzania husema "kompyuta".

Tutazame neno moja tu, "hifadhi". Kwenye kompyuta ni amri ya kuiweka kazi isipotee. Kwa mkimbizi ni neno la zamani: aliomba hifadhi alipovuka mpaka. Mwalimu anayelitambua hilo hana haja ya maelezo marefu, kwani maana mwanafunzi anayo tayari.

Ni rai yetu, basi, kwamba idara za Kiswahili ziandae vijitabu vifupi vya wanaoanza, vikitumia maneno wanayoyaishi wanafunzi. Istilahi zipo, kinachosubiriwa ni mwalimu wa kuzipanga ziwe somo.