Injini ikizimwa ndo hesabu inaanza: historia ya kupima ukinzani wa hewa kwenye ndege

Zamu ya historia wiki hii imetuangukia sisi wa kundi la hesabu. Msikimbie, hesabu zenyewe ni chache.

Aliyekaa Kakuma anaijua ile sauti. Ndege ndogo inazunguka juu, watoto wanaacha mpira na kukimbilia upande wa uwanja. Siku moja mdogo wetu akatuuliza: “Kaka, injini ikizimika kule juu, inaanguka kama jiwe?” Tukacheka. Halafu tukatazamana, maana katika sisi sita hakuna aliyekuwa na jibu. Kumbe swali lile la mtoto ndo njia yenyewe ambayo wataalamu walitumia kujua ndege inazuiwa na hewa kiasi gani.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu analijua mwilini. Ukipanda bodaboda ikakimbia, hewa inakusukuma kifuani. Ukiinama inapungua, ukitanua mikono inazidi. Huo ndo ukinzani wa hewa. Kwenye ndege una sura mbili. Wa kwanza unatokana na umbo na ngozi ya ndege: magurudumu, nguzo za mabawa, misumari, mianya. Huu unakua haraka, mwendo ukiwa mara mbili, wenyewe unakuwa karibu mara nne. Wa pili ni gharama ya bawa kuinyanyua ndege, na huu unazidi pale ndege inapokwenda polepole. Ukitaka kujua ndege itakula mafuta kiasi gani, au itafika mbali gani, lazima ujue jumla ya hiyo miwili.

Sasa, unaipimaje nguvu usiyoiona, kwenye kitu kilicho angani?

Wilbur na Orville Wright walikuwa na duka la baiskeli mjini Dayton, Marekani. Mwaka 1900 walikwenda ufukweni Kitty Hawk, mahali penye upepo mwingi na mchanga, na ndege isiyo na injini. Mara nyingi hawakuipanda, waliirusha kama tiara na kupima mvuto wa kamba kwa mizani ya springi. Ile mizani inayoning'inizwa kliniki kupimia watoto ni ya ukoo huohuo. Mvuto ule, pamoja na mwinamo wa kamba na kasi ya upepo, uliwapa nguvu ya kunyanyua na nguvu ya kuzuia.

Mwaka 1901 wakarudi na ndege kubwa zaidi, na wakapata aibu. Nguvu ya kunyanyua ilikuwa kama theluthi moja tu ya ile waliyoihesabu. Hesabu zao zilitegemea vitu viwili vya watu wengine. Kimoja ni jedwali la Otto Lilienthal, Mjerumani aliyefariki 1896 baada ya kuanguka na ndege yake isiyo na injini. Kingine ni namba ya msukumo wa hewa iliyopewa jina la John Smeaton, mhandisi wa Kiingereza wa karne ya 18. Namba hiyo, 0.005, ilikuwa imenakiliwa kitabu hadi kitabu kwa zaidi ya miaka 100.

Wilbur alirudi nyumbani amekata tamaa kabisa. Lakini hawakukaa kulalamika. Walifunga gurudumu la tatu mbele ya usukani wa baiskeli, likiwa limelala na linazunguka bure, wakalibandika kibati bapa na kibawa kilichopinda, kisha wakakanyaga pedali ili upepo upatikane. Baadaye wakatengeneza sanduku la mbao lenye urefu wa mita 1.8 hivi, feni upande mmoja, na ndani yake mizani iliyoundwa kwa spoku za baiskeli na vipande vya misumeno ya chuma. Wakajaribu maumbo ya mabawa yapatayo 200. Walikuta namba ya Smeaton ni kubwa mno, ya kwao ilikuwa kama 0.0033. Jedwali la Lilienthal lenyewe halikuwa baya sana, ila lilihusu bawa la umbo lake, si la kwao.

Mwaka 1902 wakarudi Kitty Hawk na ndege mpya. Safari hii walishuka nayo kwenye vilima vya mchanga mara mamia, wakiandika umbali, muda na mteremko. Mteremko ulikuwa mdogo kuliko ule wa mwanzo, na hiyo ilikuwa habari njema. Tarehe 17 Desemba 1903 wakaruka kwa injini kwa mara ya kwanza: sekunde 12, mita 37 hivi.

Kwa nini mteremko ni habari? Hapa ndo jibu la mdogo wetu lilipo. Ndege isiyo na injini haianguki kama jiwe, inateleza. Ni kama baiskeli uliyoacha kuikanyaga kwenye mteremko: uzito wake ndio unaoisukuma mbele. Ikiwa inateleza kwa mwendo usiobadilika, ile sehemu ya uzito inayoivuta mbele imelingana sawasawa na ukinzani wa hewa. Chukua ndege ya kilo 1,000, yaani uzito wa kama nyutoni 10,000. Ikisonga mita 10 mbele kwa kila mita 1 inayoshuka, ukinzani wake ni sehemu ya kumi ya uzito: nyutoni 1,000 hivi. Unahitaji saa, kipima mwendo, kipima kimo, na hewa iliyotulia. Basi. Ukirudia kwa mwendo tofauti, unapata picha yote.

Lakini injini ilipokuja ikaharibu urahisi huo. Injini ikivuta, hujui inavuta kwa nguvu gani hasa. Ukiizima, propela inabaki inazungushwa na upepo na kuongeza ukinzani wake yenyewe. Ni kama kujipima uzito huku mtu amekuwekea mkono begani.

Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, watafiti wa Marekani walitaka kujua kama vipimo vya ndani ya handaki la upepo, kwa ndege ya mfano, vinafanana na ndege halisi. Wakachukua ndege ya kivita ya P-51 na kuing'oa propela. Kule Muroc, jangwani California, ikavutwa kwa nyaya na ndege kubwa zaidi, P-61, mpaka juu sana, kisha ikaachiwa. Rubani James Nissen aliishusha peke yake, bila nguvu yoyote, vyombo vikiandika. Kwenye safari mojawapo waya ulichomoka kwenye ndege iliyokuwa ikivuta, ukabaki unaning'inia kwake. Alianguka nayo alipokuwa akitua, ndege ikaharibika vibaya, yeye akatoka hai. Vipimo vilionyesha kwamba handaki na anga vinakubaliana vizuri. Tulipofika hapo tulinyamaza kidogo. Mtu alihatarisha maisha si kwa ajili ya kuvunja rekodi, bali ili namba iliyo kwenye karatasi ithibitishwe.

Baada ya vita, August Raspet wa Mississippi alileta kazi hiyo kwa ndege za watu wa kawaida. Alipenda ndege zisizo na injini, na aliwahi kuruka nazo nyuma ya tai ili apime tai mwenyewe anashuka kwa kasi gani. Alishirikiana na rubani Dick Johnson kuinyoosha ndege iitwayo RJ-5: kuziba mianya, kulainisha ngozi, kupima tena, kuziba tena. Mwishowe ikafikia mita 40 mbele kwa mita 1 ya kushuka. Kisha akaichukua Bellanca Cruisair, ndege ndogo ya abiria wachache, akaitoa propela na kuipima ikiteleza vilevile. Alifariki mwaka 1960 kwa ajali ya ndege aliyokuwa akiifanyia utafiti.

Baadaye, Santa Rosa, California, kikundi cha wapenzi wa ndege ndogo kiitwacho CAFE kikapata njia isiyohitaji kung'oa kitu. Propela ikivuta, mhimili wa injini husogea mbele kidogo mno. Ikisukumwa na upepo, husogea nyuma. Wakaweka kihisi hapo. Rubani anarekebisha nguvu ya injini mpaka mhimili usiende mbele wala nyuma. Wakati huo propela haisaidii wala haizuii, na unapima mteremko kama zamani.

Sasa mtauliza, hii inatuhusu nini sisi tunaobeba madumu?

Mwaka jana, karatasi iliyobandikwa karibu na bomba letu ilisema dumu la lita 20 linajaa kwa dakika 2. Dada zetu walikuwa wanakosa kipindi cha kwanza cha mchana kwa sababu ya foleni, na kila tukisema, tulionyeshwa karatasi. Tukaacha kubishana. Tukakaa pale siku tano na saa ya simu na daftari. Asubuhi, kweli, dakika 2. Saa sita mchana, dakika 5, wakati mwingine zaidi. Karatasi haikusema uongo, ilipimwa tangi likiwa limejaa. Ni kama jedwali la Lilienthal: sahihi kwa bawa lake, si kwa letu. Tulipopeleka daftari, mhusika mmoja alikuja na saa yake, akapima na sisi. Zamu za maji zikabadilishwa. Foleni haijaisha, ila dada zetu wanawahi darasani.

Kwa hiyo, nyie mnaotuandikia ripoti, tunawaomba jambo moja: mje mpime saa sita mchana. Na sisi vijana, tusiseme tu “haitoshi”. Tuseme haitoshi kwa kiasi gani, saa ngapi, siku zipi.

Mdogo wetu tumemjibu: haianguki kama jiwe, inateleza. Akauliza tena: “Inateleza mpaka wapi?” Tumempa daftari, tiara na mizani tuliyoazima. Jumamosi tunakwenda uwanjani naye. Mwenye kamba ndefu atuletee.