Jeshi la Tisa na Tai wa Shaba

Wasikilizaji, leo nataka kuwasimulia habari za hadithi moja iliyotungwa juu ya askari wa Kirumi, kisha tuipime pamoja, tujue ni lipi lililo kweli na lipi lililobuniwa.

Zamani Warumi waliitawala sehemu kubwa ya Uingereza. Lakini makabila ya kaskazini, katika nchi iitwayo leo Uskochi, hayakukubali kuwekwa chini yao. Basi mwaka 122 Kaisari Hadrian aliamuru ukuta ujengwe toka bahari hata bahari, urefu wake maili 73, wenye ngome na malango ya kulindwa. Huo ndio uliokuwa mpaka.

Katika mji wa York, kusini ya mpaka huo, palikuwa na makao ya Jeshi la Tisa, watu wapata 5,000. Kila jeshi la Rumi lilichukua mfano wa tai juu ya mti mrefu, na kunyang'anywa tai na adui ilikuwa aibu kubwa mno. Jiwe lililochongwa York yapata mwaka 108 lalitaja Jeshi la Tisa. Lakini katika orodha ya majeshi iliyoandikwa zamani za Kaisari Marcus Aurelius, jina lake halimo. Wataalamu wa karne ya 19 walikisia ya kuwa liliangamizwa lote katika vita vya kaskazini.

Mwaka 1866, huko Silchester, kusini mwa Uingereza, wachimbaji walipata ardhini tai wa shaba asiye na mabawa. Bibi Rosemary Sutcliff aliyaunganisha mambo hayo mawili, akatunga kitabu kiitwacho The Eagle of the Ninth, kilichotolewa mwaka 1954. Humo kijana Marcus aumia mguu vitani, asiweze tena uaskari. Baba yake alikwenda kaskazini na Jeshi la Tisa, asirudi. Basi Marcus avuka ukuta pamoja na Esca, aliyekuwa mtumwa wake, kumtafuta tai na kuiondoa aibu ile. Ili asitambulikane, ajifanya tabibu wa macho. Mwandishi mwenyewe alipatwa na maradhi ya viungo tangu utoto, hata hakuweza kutembea vema. Aliyajua mawazo ya kijana aliyelemaa.

Je, ni kweli? Huko Nijmegen, nchi ya Uholanzi, vimeonekana vigae vyenye chapa ya Jeshi la Tisa. Kwa hiyo wataalamu wengi waona ya kuwa jeshi hilo, au sehemu yake, lilihamishwa huko. Mwisho wake haukuthibitishwa hata leo. Na yule tai wa Silchester, wasema, alikuwa kipande cha sanamu, si alama ya jeshi. Basi nguzo mbili za hadithi zimeanguka.

Lakini ngojeni. Vindolanda ni ngome iliyo karibu na ukuta. Tangu mwaka 1973 wachimbaji wametoa matopeni vibao vyembamba vya mti vilivyoandikwa kwa wino. Barua moja yataja soksi na viatu alivyopelekewa mtu. Kibao kingine ni hesabu ya kikosi cha Watungri, watu wa pande za Ubelgiji ya leo. Askari wote ni 752. Waliotumwa mahali pengine ni 456. Waliobaki ni 296. Katika hao 31 hawawezi kazi: wagonjwa 15, wenye majeraha 6, na wenye kuumwa macho 10.

Watu kumi wenye kuumwa macho! Kweli tabibu wa macho angalikaribishwa mpakani. Bibi Sutcliff alipoandika, kibao hicho kilikuwa kingali ardhini.

Basi mwanafunzi asomaye hadithi kama hii na afurahie safari ya Marcus, kisha aulize: jambo hili limetoka ardhini, au katika mawazo ya mwandishi? Kuuliza hivyo ni haki ya wafu. Askari 5,000 wamesemwa miaka mingi ya kuwa walishindwa na kupotewa na tai wao, na hata leo hapana aliyeleta ushahidi wa kuwahukumu.