Stima ikipotea, nani atatoa ushahidi?

Wadau, leo nawarudisha mwaka 2009. Ukame ulikuwa umeshusha maji ya bwawa la Masinga, mto Tana, na mwezi Agosti mgao wa stima ukaanza. Mwenye saiba Kibera au Kawangware alijua maana yake: mashine zazimika bila kwaheri, wateja wasimama mlangoni.

Enzi za ext2, Linux ikizimwa hivyo ilibidi fsck ipekue diski nzima. Ext3, iliyoingia kwenye Linux 2.4.15 mwaka 2001, ikaleta daftari: mabadiliko yanaandikwa humo kwanza, halafu mahali pake. Stima ikirudi, mfumo unasoma daftari tu.

Kisha ext4 ikatangazwa kuwa imara Desemba 2008, nayo ilipenda kuchelewesha uandishi ili iwe na kasi. Mwanzoni mwa 2009 watu wakaanza kulalamika: mashine ikianguka, faili linabaki na baiti 0. Ted Ts'o, mtunzaji wake, alijibu kwamba programu zilipaswa kuita fsync. Kisheria alikuwa sahihi, lakini mwenye faili tupu hali sheria! Hata hivyo aliongeza kinga, ikaingia kwenye 2.6.30. Mwishoni mwa mwaka huo huo vijana wa Map Kibera wakaanza kuzunguka na GPS kujaza ramani ya mtaa wao. Hebu fikiria kazi ya siku nzima kwa miguu ikigeuka baiti 0.

Sasa, fundi akitaka kujua nini kiliua mashine, aulize kwanza: ilikatiwa stima au ilianguka yenyewe? Kama ni stima, RAM imekwisha kufutika, hakuna cha kusoma. Kama keneli (moyo wa mfumo) ilianguka stima ikiwepo, kumbukumbu bado ina ushahidi wote. Tatizo ni nani auandike. Keneli iliyoanguka ndani ya mfumo wa mafaili haiaminiki kugusa diski. Ni sawa na kumpa mshukiwa kalamu ya polisi.

Jibu lilikuja mwaka 2005 kwenye Linux 2.6.13, nalo ni kdump. Keneli ndogo ya pili hulala kwenye kumbukumbu iliyotengwa. Ya kwanza ikifa, hii huamka na kunakili kumbukumbu ya marehemu kuwa faili la vmcore. Ukilifungua kwa programu iitwayo crash, amri ya log inaonyesha maneno yake ya mwisho, na bt inaonyesha kazi ipi iliita ipi hadi kwenye kifo.

Bei yake? Mfano uliokuwa kwenye maelezo ya kdump ulitenga MB 64. Kwa mashine ya mtumba yenye MB 256, hiyo ni robo nzima, imekaa bure ikingoja msiba. Kwa saiba ndogo mimi ningechagua netconsole: keneli inayokufa inarusha ujumbe wake wa mwisho kwa mashine jirani kupitia waya wa mtandao. Hupati kumbukumbu yote, lakini jina la kazi iliyoangusha mfumo mara nyingi utalipata, mradi mashine jirani isiwe imezimika nayo.